Kura ya kamati ya shule: kazi ya wiki sita kwa ajili ya saa moja

Kamati ya shule ya msingi huchaguliwa na wazazi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kinachotokea katika shule nyingi ni kwamba wazazi ishirini waliofika siku ile, kati ya mia nne, wananyoosha mikono kwa majina yaliyotajwa hapohapo, na miaka mitatu inapita. Mwongozo huu ni kwa mzazi, kiongozi wa mtaa au mwalimu mkuu wa Tanga, mjini Ngamiani au vijiji vya pwani kuanzia Chongoleani hadi Tongoni, anayetaka uchaguzi wenye watu na usio na ubishi baadaye.

Kabla ya lolote, ondoa mkanganyiko mmoja. Uchaguzi huu hauhusiani na ule wa serikali za mitaa uliofanyika Novemba 27, 2024. Hauna vyama, na kadi ya mpiga kura haihitajiki. Kinachokupa haki ya kupiga kura ni mtoto unayemlea katika shule hiyo. Na bodi ya shule ya sekondari ni habari nyingine: wajumbe wake huteuliwa, kwa hiyo huko mzazi hushinda kwa kupendekeza majina mapema, si kwa kusubiri sanduku.

Kwa nini mtu aache biashara yake aje

Hesabu ya fedha huvuta watu kuliko hotuba. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa kwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hubaki serikalini. 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Shule yenye wanafunzi 640 basi inapaswa kuona 640 mara 6,000, yaani sh. 3,840,000 kwa mwaka, au 320,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango na mpira wa netiboli vyote vinatoka humo. Kamati, iliyowekwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ndiyo inayopitisha matumizi hayo pamoja na mpango wa maendeleo wa shule. Mwalimu mkuu ni katibu wake.

Andika hesabu hiyo kwa idadi ya wanafunzi wa shule yenu, kwa maandishi makubwa, uibandike kwenye tangazo. Mzazi anayedhani kamati ni watu wa kupanga chai ya wageni atauliza swali la kwanza la maana.

Wiki ya kwanza: maswali kwa mwalimu mkuu

Nendeni wawili au watatu, msiende kundi. Kundi likiingia ofisini mwalimu hujiona amevamiwa, na kuanzia hapo kila karatasi itakuwa “bado inatafutwa”. Mpeni shikamoo yake, kaeni, kisha ulizeni: muda wa kamati iliyopo unaisha tarehe ngapi? Nafasi za wazazi ni ngapi, na zipi zimetengwa kwa wanawake? Mwongozo unaotumika ni upi, na unaweza kusomwa hapa? Nani atasimamia?

Jibu la swali la mwisho ndilo la kung'ang'ania. Kamati inayomaliza muda isisimamie uchaguzi wake yenyewe, na mwalimu mkuu asihesabu kura za watu watakaomkagua. Afisa elimu kata ndiye mtu wa kuombwa, akisaidiwa na mtendaji wa mtaa au kijiji. Ombi liwe barua ya ukurasa mmoja, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Barua isiyogongwa muhuri haijafika.

Daftari la wazazi

Hapa ndipo uchaguzi mwingi unapoharibika, na ndipo panapostahili wiki mbili nzima.

Usitumie idadi ya wanafunzi kama idadi ya wapiga kura. Mama mwenye watoto watatu, wa darasa la kwanza, la tatu na la sita, ni mpiga kura mmoja. Anzeni na madaftari ya mahudhurio ya kila darasa, kuanzia awali hadi la saba, mkiandika kwenye daftari jipya lenye safu tano: namba, jina la mzazi au mlezi, majina ya watoto na madarasa yao, mtaa, na sahihi (iachwe wazi hadi siku ya kura). Watu watatu wenye mwandiko mzuri humaliza shule ya wanafunzi 640 kwa jioni nne.

Safu ya watoto msiiruke hata kama inachosha. Katika mtaa mmoja wa Makorora mnaweza kuwa na Mwanahamisi Juma wanne na Mama Asha sita. Jina la mtoto na darasa lake ndilo linalomtenganisha huyu na yule mbele ya meza ya uandikishaji, wakati foleni ni ndefu na kila mmoja anadai ameshakatwa jina.

Kisha kuna walezi. Pwani yetu watoto wengi wanalelewa na bibi, shangazi au mjomba huku wazazi wako Dar es Salaam au Mombasa. Daftari la shule linaweza kuonyesha jina la baba ambaye hajafika Tanga miaka mitatu. Mwenye haki ni yule anayemwamsha mtoto asubuhi. Njia ya kumpata ni kupiga hodi: “Hodi! Shikamoo bibi. Huyu Ali wa darasa la nne analala kwako? Basi tunakuandika wewe ndiye mlezi wake, uje umchagulie watu wa shule.” Bibi akijibu kwamba mambo ya shule anayajua baba yake Ali, usimwache, mwambie baba yake hatakuwepo siku ya kura na kiti cha Ali kitabaki wazi.

Kama baba na mama wote wapo, amueni mapema: kura moja kwa kaya, au mbili? Kura moja kwa kaya ni rahisi kuhesabu, lakini ina kasoro yake. Baba akifika, mama hubaki nyumbani na mnapoteza watu wanaoijua shule zaidi. Ushauri wetu ni kumwandika kila mzazi anayeishi na mtoto, mradi kanuni iwe moja kwa wote na isomwe kwa sauti kabla ya kura. Mwongozo wa shule ukisema vingine, ufuateni huo.

Daftari likikamilika, nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa shule na ofisi ya mtaa kwa siku saba. Nyumba ambazo jina limesahaulika zitajitokeza zenyewe, na ni heri zifoke siku hizo saba kuliko siku ya sanduku.

Kuchagua siku: tazama mwezi kabla ya kalenda

Tangazo la kawaida husema “Jumamosi saa 4 asubuhi”. Kwa shule ya kijiji cha pwani hiyo inaweza kuwa saa mbaya kuliko zote. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na wanawake wanakuwa mwambani wakitafuta pweza na chaza au shambani kwao wakifunga mwani. Hakuna atakayeacha maji makavu ya bamvua kwa ajili ya kikao. Mkitaka wao waje, fanyeni siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, yaani takriban tarehe 8 hadi 10 au 23 hadi 25 kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu. Ikilazimu bamvua, anzeni saa 8 mchana: bahari imesharudi, pweza wameuzwa, na watu wameswali adhuhuri. Mtakatiza kwa swala ya alasiri, hilo lipangwe kwenye ratiba badala ya kushtukizwa.

Wavuvi wa dagaa wana hesabu nyingine. Wao huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi, kwa hiyo kijiji chenye mitumbwi mingi ya dagaa hupata baba wengi siku za mwezi mpevu, alasiri. Mkiona mama wanataka maji mafu na baba wanataka mbalamwezi, chagueni ya mama. Baba wa dagaa akirudi asubuhi atalala hadi adhuhuri na bado ana alasiri yake.

Mjini hesabu ni ya soko. Muuzaji wa Mgandini hatoki asubuhi, lakini alasiri huweza kumwachia mwenzake meza. Mama ntilie anapumua baada ya saa 9. Upande wa mashamba ya mkonge, kuelekea Muheza, wakataji huanza alfajiri, kwa hiyo kikao cha asubuhi kinawakosa wote. Epukeni Ijumaa, mwezi wa Ramadhani, na wiki za masika pale ambapo barabara ya kwenda shule hukatika. Na epukeni tarehe yenye harusi kubwa mtaani. Ulizeni tu, mtaambiwa.

Tangazo

Neno la kwanza la tangazo liwe UCHAGUZI. Likianza na “kikao cha wazazi”, wengi husikia “mchango” na kubaki nyumbani, na hawana kosa.

Barua inayotumwa kwa mtoto huwafikia nusu tu ya wazazi. Zilizobaki huishia chini ya begi au kufungia kashata. Itume, lakini usiitegemee. Tumieni msikiti baada ya swala ya Ijumaa, Ijumaa mbili mfululizo, na kanisa Jumapili mbili. Imamu au mchungaji apewe karatasi yenye mistari mitatu ya kusoma. Akisimuliwa mdomoni ataongeza yake na tarehe itageuka. Kipaza sauti cha mtaa kipite mara moja siku mbili kabla, na mara nyingine asubuhi ya siku yenyewe. Kundi la WhatsApp la darasa husaidia, ila kumbukeni nani hana simu janja: mara nyingi ni yuleyule bibi. Shule zenye UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, tayari zina wawakilishi wa kila darasa. Mgawieni kila mmoja nyumba kumi na tano za kupitia kwa mguu.

Msitumie mabalozi wa nyumba kumi kama ndio njia rasmi. Balozi ni kiongozi wa chama, na akipita yeye, nyumba fulani zitaona uchaguzi si wao.

Wagombea

Fomu zitolewe wiki mbili kabla na zirudi siku saba kabla, bila malipo ya aina yoyote. Fomu iwe na jina, mtaa, darasa la mtoto, kazi, na swali moja: je, wewe au ndugu yako huiuzia shule kitu au kuifanyia ujenzi? Fundi anayeezeka madarasa hakatazwi kupendwa na watu, ila hawezi kuketi upande unaoidhinisha malipo yake mwenyewe.

Wanawake wengi hukataa wakiombwa mmojammoja mbele za watu. Waombeni wawili wanaofahamiana, nyumbani, siku tulivu, na mwelezeni kila mmoja kazi yenyewe ilivyo: vikao vya kawaida kila robo mwaka, vya dharura vichache, kila kimoja saa mbili au tatu, posho isiyotegemewa. Kuficha ukubwa wa kazi ndiko kunakoleta wajumbe wa kikao kimoja. Mtafuteni pia mzazi mwenye mtoto mlemavu. Ndiye atakayeuliza kwa nini choo kipya kina ngazi tatu.

Mnaowatafuta ni watu wa kusoma leja bila kuona haya kuuliza. Elimu kubwa si sharti. Mwenye genge anayejua faida yake kila jioni husoma mapato na matumizi haraka kuliko mwenye cheti. Na mgombea anayegawa soda au kanga kabla ya kura, liulizeni hadharani jambo hilo kabla hajasimama kujieleza.

Vifaa, kwa wapiga kura 400

Karatasi za A4: moja ikatwe vipande 8. Mia nne gawanya kwa nane ni karatasi 50. Ongeza tano za akiba, mpate vipande 440. Kila kipande kigongwe muhuri wa shule nyuma asubuhi ya siku hiyo, mbele ya mashahidi wawili, na idadi iandikwe. Mkigonga siku iliyotangulia, karatasi zimelala na mtu.

Kalamu 12, zifungwe kwa uzi mezani. Ndoo tatu za lita 20 zenye mfuniko, ziwe zile zinazopitisha mwanga, kila mfuniko utobolewe ufa wa sentimita kumi. Gundi ya karatasi ya kufungia mfuniko, na sahihi za mashahidi juu yake. Khanga tatu na kamba kwa vibanda vya kupigia. Ubao, chaki, maji ya kunywa, viti vya wazee.

Kwa wasiosoma, kila mgombea apewe alama: samaki, nazi, jembe, taa, ngalawa. Alama ichorwe ubaoni kando ya jina na ichapwe kwenye karatasi ya kura. Mpiga kura anaweka alama ya vema. Njia ya kutumbukiza punje za mahindi kwenye makopo ni ya haraka, lakini punje hazina muhuri, na mwisho kopo huwa na punje nyingi kuliko watu waliofika. Tumieni karatasi.

Siku yenyewe

Kura iwe jambo la kwanza baada ya dua na utambulisho. Ratiba inayoanza na taarifa ya shule, kisha mgeni rasmi, kisha ujenzi wa choo, hufika kwenye uchaguzi saa mbili baadaye, na waliobaki ni wale ishirini wa siku zote. Michango isitajwe kabisa kabla ya kura. Kwanza, hakuna mchango wa lazima, na mtoto harudishwi nyumbani kwa kutochangia. Pili, neno hilo likitoka, uwanja unapungua nusu.

Meza za uandikishaji ziwe za madarasa: mzazi anaenda meza ya mtoto wake mdogo kuliko wote. Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayozuia mtu kuandikishwa mara tatu kwa watoto watatu. Anaweka sahihi au dole gumba, anapewa karatasi moja.

Wagombea wajieleze dakika mbili kila mmoja, kwa saa, kisha wajibu swali moja lililo sawa kwa wote: “Ukikuta hati ya malipo ya chaki na chaki hazipo stoo, utafanya nini?” Majibu ya swali hili hutofautiana kuliko mnavyodhani.

Kura iwe ya siri. Kunyoosha mikono kunaonekana kuokoa muda, ila mwalimu wa mtoto wako anatazama, jirani unayemdai anatazama, na shemeji yako ni mgombea. Muda wenyewe si mrefu: watu 300, vibanda vitatu, nusu dakika kila mmoja, ni dakika 50. Kama nafasi ni tano, mpiga kura anachagua hadi watano. Akizidisha, karatasi imeharibika. Hili lielezwe mara mbili, na karatasi ya mfano ionyeshwe juu.

Hesabuni palepale, mchana, mbele ya watu. Kwanza idadi ya karatasi za ndoo zote tatu ilinganishwe na sahihi za daftari. Zikizidi sahihi, simamisheni. Tafuteni zisizo na muhuri, na zikiwa na muhuri zote, uchaguzi urudiwe siku nyingine bila kubembelezana. Zikipungua kidogo, mtu ameondoka na yake mfukoni, endeleeni. Mmoja asome, mwingine aonyeshe karatasi kwa watu, wa tatu achore ubaoni vijiti vinne na cha tano kikate katikati. Piga picha ubao kabla haujafutwa. Sare kwa nafasi ya mwisho huamuliwa kwa kura ya pili kati ya hao wawili. Watu wakiwa wameshatawanyika, wapige bahati nasibu kwa hiari yao mbele ya msimamizi.

Muhtasari na makabidhiano

Muhtasari uandikwe kabla msimamizi hajapanda bodaboda: tarehe, waliohudhuria wanaume na wanawake, karatasi zilizogongwa muhuri, zilizotumika, zilizoharibika, zilizobaki, kura za kila mgombea hata aliyepata tatu, na pingamizi lolote kwa maneno ya mwenye kulitoa. Sahihi za msimamizi na mashahidi wawili. Nakala tatu: shule, afisa elimu kata, ofisi ya mtaa. Ukurasa wa matokeo ubandikwe ubaoni jioni ileile.

Ndani ya wiki mbili kamati mpya ikae ichague mwenyekiti na ipokee vitu kwa kuvishika mkononi: taarifa za benki za mwaka mzima, leja ya mapato na matumizi, hati za malipo, daftari la stoo, orodha ya madawati, na karatasi za kiwanja cha shule. Kiwanja kisisahaulike, hasa mjini. Ukuta wa jirani husogea kwa hatua ndogondogo. Kitakachokosekana kiandikwe “hakijapokelewa”, la sivyo mwaka kesho kitaulizwa kwa wajumbe wapya.

Mjumbe mgeni mara nyingi hutiwa kalamu mkononi kikao cha kwanza: “Mwenyekiti, tia sahihi hapa tu, hela isije ikarudi.” Asitie sahihi kwenye hati isiyojazwa kiasi, wala kwenye muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa. Akiambiwa kuna haraka, asome kwa sauti.

Wazazi waliobaki nje nao wana zamu yao. Kila robo mwaka mtu mmoja wa kila darasa aende kutazama ubao wa matangazo: kiasi kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Ubao ukiwa mtupu, aulize kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa kama ile ya kwanza. Na daftari la wazazi, ndoo tatu na karatasi ya alama zifungiwe stoo, ufunguo uwe kwa watu wawili: mjumbe akihama au akifariki katikati ya muhula, kiti chake kitahitaji kujazwa, na daftari la mwaka huu litakuwa limepungua darasa la saba moja na kuongezeka awali moja tu.